Hela Thelathini na Mbili

Msugua hela hubaki na shaba. Maneno hayo Mama Mwashi amewarushia leo asubuhi alipopita uani akaikuta ngoma ya nyumba hii imepakwa rangi nyekundu mpaka kwenye ngozi, eti wakwe wakija kesho waione inang'aa. Inang'aa kweli. Ikipigwa inalia kama boksi la sabuni. Mmecheka, kisha mmenijia kuuliza ni hela gani hiyo na shaba gani. Ya ngoma tutayazungumza baadaye. Methali nayo ina kwao, na kwao hii ni hapahapa Tabora, ndani ya ukoo huu, kwa hiyo kaeni mnisikilize. Sida, weka hilo kopo la rangi chini, halitakimbia.

Leo mkisema hela mnataja pesa yoyote. Zamani hela ilikuwa sarafu yenyewe, ya Mjerumani. Ilipopiganwa vita kuu ya kwanza na njia ya bahari ikafungwa, sarafu mpya hazikuja tena kutoka kwao, basi wakaanza kuzipiga wenyewe hapa mjini, kwenye karakana ya reli. Zilikuwa za shaba ya manjano. Upande mmoja taji, mwaka, na herufi T ndogo chini yake. Upande wa pili namba ishirini katikati ya majani. Baba yetu, Mzee Msabila, alikuwa kijana wa miaka kumi na saba wakati huo, na kazi yake ilikuwa kusukuma gurudumu la mashine iliyozipiga. Mshahara alilipwa kwa hizohizo alizozitolea jasho.

Mjerumani alipoondoka, Mwingereza alileta fedha zake, na hela zikawa vichezeo vya watoto. Baba akaacha reli, akawa mrina asali. Lakini hela hakuzitupa. Alibakiza thelathini na mbili ndani ya mkebe wa bati, akazifunika kwa kipande cha kaniki, akauweka mkebe darini. Ukakaa huko zaidi ya miaka hamsini. Tukimwuliza ni za nini alitujibu neno moja tu: "Ziacheni zilale."

Katika watoto wa baba tulibaki wawili. Dada yangu Kalunde alikuwa mkubwa wangu kwa miaka kumi na minane, amenibeba mgongoni, na mara nyingi watu walidhani ni mama yangu. Mimi nilikuwa karani wa posta. Yeye, baada ya kufiwa na mume, aliishi kwa kusugua shaba. Msicheke, hiyo ilikuwa kazi, tena kazi ya heshima. Hakuna harusi iliyofanyika mji huu bila masinia, mabirika na madele ya kahawa kupita kwanza kwa Kalunde. Aliyasugua kwa ndimu, majivu na udongo wa kichuguu uliochekechwa, na sinia likitoka mikononi mwake ungeweza kujitazamia ukanyoa ndevu.

Baba alikufa, mama akamfuata mwaka uleule. Tuliwazika nyuma ya nyumba, kama walivyotaka. Mwaka wa nne tukaletewa habari ambayo hatukuitegemea. Kiwanja kile hakikuwa chetu. Baba alipewa akae na rafiki yake wa zamani, mzee Lugusha, kwa neno la mdomo tu, na rafiki naye alikuwa amekufa. Mwanawe alikuja akatusalimu vizuri, akatueleza kuwa mtu wa mashine ya kusaga ameshatoa bei, na kwamba yeye, kwa kuwa anatuheshimu, atatungoja sisi kwanza mpaka mahindi yakauke mashambani. Tukishindwa, kiwanja kinakwenda.

"Na makaburi?" dada aliuliza.

"Hayo mtazungumza na mwenye mashine."

Alipoondoka, dada aligeukia upande wa makaburi. Kisha akasema, "Mihambo, baba asagiwe unga kichwani?"

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yetu. Mshahara wangu wa posta mliusikia ulivyokuwa, na shaba za watu hazikumtajirisha dada. Tulipohesabu kila kitu ndani ya nyumba, ikabaki mkebe wa darini.

Pale posta nilikuwa nimesikia habari za Bwana Remtulla wa Dodoma, fundi saa mstaafu, mtu anayezijua sarafu za kale na kuzinunua kwa haki. Nikamwandikia. Nikamweleza kuwa tuna hela za Tabora thelathini na mbili, za baba aliyesukuma gurudumu karakana ya reli, zimekaa mkebeni tangu vita vya Mjerumani, na nyingi zimeingia weusi. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Nilimsomea dada, na mpaka leo nalikumbuka neno kwa neno: "Nitakuja Jumamosi kwa treni. Tafadhali sarafu msizisafishe. Msijisumbue, nitazitazama hivyohivyo zilivyo."

Dada alitabasamu. "Huyu ni muungwana," alisema.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipoteleza, na nyinyi mngeteleza vilevile. Mgeni wa kwetu akisema msijisumbue, nani humsikiliza? Akisema maji tu yanamtosha, unabandika chai. Akisema ameshiba, unakimbiza kuku. Ukimtii mgeni wa namna hiyo, mji mzima utakusema. Dada alilisikia neno la Remtulla kwa sikio hilohilo la ukarimu, na mimi karani, niliyekuwa nalipwa kwa kusoma barua za watu, nililisikia hivyohivyo. Alhamisi alipoushusha mkebe, ni mimi niliyemchotea maji.

Alisugua kutwa nzima. Weusi ulikuwa mgumu, umeshika kwenye taji na katikati ya majani, na yeye hakuwa mtu wa kushindwa na weusi. Ndimu, majivu, kichuguu, kisha suuza, ndimu tena. Kabla ya jua kuchwa hela thelathini na moja zilikuwa zimeanikwa kwenye ungo, na kuku wa jirani wakawa wanaziogopa. Moja ilimshinda. Hiyo ilikuwa bonge jeusi, limegandwa na uchafu wa miaka, ndimu haiingii, majivu hayashiki. Alijaribu mara tatu. Mwishowe, pasipo kuniambia, aliificha uvunguni mwa kitanda chini ya kinu kilichopinduliwa, maana Kalunde hakupata kumtolea mtu chombo kichafu, wala hakukusudia kuanza na mgeni wa Dodoma.

Jumamosi Bwana Remtulla alifika. Mtu mfupi, mkimya, ana kisanduku cha mbao kwapani. Alinawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole, akatandika kitambaa cheusi laini mezani na kuvaa lenzi ya fundi saa jichoni. Dada akaleta sinia lililofunikwa kawa, kama analeta pilau, akalifunua mbele yake.

Chumba kilijaa mwanga. Nasema kweli, niliona fahari.

Mgeni alilivuta sinia karibu. Aliokota hela moja kwa kuishika ukingoni, hakuigusa usoni, akaigeuza, akaiweka. Akaokota ya pili. Alipofika ya kumi akavua lenzi.

"Nani alizisafisha?"

"Ni mimi mwenyewe," dada alijibu. "Hakunisaidia mtu."

"Niliandika msizisafishe."

"Uliandika, Bwana Remtulla. Nasi tukaona ni adabu yako."

Yule mzee alimtazama, akanitazama mimi, kisha akakiangalia kikombe chake cha chai, na mikate ya kumimina, na kuku aliyekuwa anachemka jikoni, navyo vyote alikuwa amesema tusijisumbue. Nadhani hapo ndipo alipoelewa. "Kosa langu," alisema. "Nilitia tafadhali. Ningeandika ole wenu."

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alitoa kisandukuni sarafu zake mwenyewe tatu, akazipanga juu ya kile kitambaa ili dada aone. Ya kwanza ilikuwa imelika, taji limebaki kivuli. "Hii imetembea sana. Imepita sokoni, vibindoni, mikononi. Hii ya pili imetembea kidogo. Tazama, ncha za taji ndizo zimelegea. Ya tatu haikutembea kabisa. Ililala tangu ilipotoka kwenye mashine. Zote tatu zina madaraja yake ya thamani, hata hiyo iliyochakaa, kwa sababu kila moja inasema kweli juu ya maisha yake."

"Na zangu?" dada aliuliza.

Alimpa lenzi. Dada akainama, akaishika vibaya kwanza, kisha akaona. Mimi nilitazama baada yake. Uso wa ile hela ulikuwa umejaa mikwaruzo, mamia, yote ikizunguka upande mmoja kama alama za ufagio uani. Ncha za taji zilikuwa zimelala. Ile T ndogo ilikuwa ya kukisia.

"Ule weusi haukuwa uchafu," Bwana Remtulla alisema polepole. "Ilikuwa ngozi yake. Shaba huiota yenyewe, kidogo kidogo, miaka hamsini, na chini yake kila kitu hubaki kilivyo. Ukiiondoa huwezi kuirudisha. Hizi zilikuwa zimelala, Bi Kalunde. Naona mahali pachache ndimu haikufika, zilikuwa zimelala vizuri sana. Sasa sina daraja la kuzipa. Iliyochakaa ina daraja. Iliyosuguliwa haina."

"Zingetosha kiwanja?" Hilo niliuliza mimi, na nilijuta kuliuliza.

"Zingetosha, na kisima."

"Na sasa?"

"Sasa naweza kuzipima kwa uzito wa shaba."

Dada alikuwa bado ameshika lenzi. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa ndimu, na vidole vimepasuka, na nakumbuka aliitazama mikono hiyo kama si yake. Miaka ishirini alikuwa akisifiwa kwayo. Hakulia. Alisema, "Basi nimesugua hela, nimebaki na shaba," kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi.

Bwana Remtulla alianza kukusanya vitu vyake. Ni mtu wa utaratibu, hivyo kabla ya kukunja kitambaa alizihesabu hela na kuzirudisha kwenye sinia moja moja. Akasita.

"Barua ilisema thelathini na mbili. Hapa ni thelathini na moja."

Mimi nilishangaa. Dada aliinamisha macho. "Moja imepotea," alisema.

"Dada," nikasema, "hela haipotei ndani ya mkebe uliofungwa."

"Ile haionyeshwi mgeni, Mihambo."

"Mama," Bwana Remtulla alisema, akakaa tena, "za kuonyeshwa mgeni nimeshaziona. Naomba unipe hiyo unayoionea haya."

Mngemwona dada yangu wakati ule. Alikuwa ameshaharibu mali ya baba, mbele ya mtu asiyemjua, na bado kutoa kitu kichafu mezani kulimuuma kuliko hayo yote. Alikaa pale kwa muda ambao chai yangu ilipoa. Kisha aliinuka, tukasikia kinu kinasogezwa chumbani, akarudi na bonge lile ndani ya kiganja kilichofumbwa. Aliliweka mezani akageuza uso.

Mzee aliligusa kwa ukucha. Akalinusa. "Baba yenu alifanya kazi gani baada ya reli?"

"Mrina asali."

"Hii ni nta," alisema. "Ameizungushia nta ya nyuki, na juu ya nta ndiyo vumbi."

Aliuliza kama tuna moto. Tulikuwa nao, kuku alikuwa jikoni, damu bado iko kwenye mfupa. Akasema uzimwe. Dada aliuzima papo hapo. Akasema tusijisumbue na chakula chake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Kalunde akamwacha mgeni na njaa. Ndipo Bwana Remtulla akatoa kichupa cha benzini anayosafishia saa, akafungua madirisha yote, akamimina kidogo kwenye bilauri, akalizamisha lile bonge humo na kuifunika bilauri kwa kisosi. Kisha akakunja mikono kifuani.

"Halafu?" dada akauliza.

"Tunangoja."

"Husugui?"

"Sisugui. Nta itaondoka yenyewe ikitaka."

Tulingoja tangu adhuhuri mpaka alasiri. Alibadilisha benzini mara mbili. Nta iliondoka kwa vipande laini, na kila kipande kilipoachia, dada alinyanyuka na kitambaa mkononi. Mara ya tatu mgeni alimwambia, "Bi Kalunde, ikalie mikono yako." Akaikalia. Kweli, aliikalia kama mtoto wa chuo cha Kurani, mwanamke wa miaka hamsini.

Mwishowe aliitoa kwa kibano, akailaza juu ya pamba, akaibonyeza pamba nyingine juu yake pasipo kuisogeza. Ilikuwa ya rangi ya asali iliyokaa. Haikung'aa kama zile za sinia. Lakini taji lilisimama, na ncha zake zilikuwa kali, na T ilikuwa pale kama imepigwa jana. Bwana Remtulla aliinama juu yake kwa muda mrefu, halafu akanionyesha mstari mwembamba kama uzi, unaopita juu ya taji.

"Muhuri wa chuma uliozipigia chapa ulikuwa umepasuka, ukaacha alama hii," alisema. "Mashine iliendelea kidogo nao hivyohivyo, kisha bila shaka wakaubadilisha. Za namna hii nimeona moja tu maishani. Huyu mzee wenu aliyekuwa kwenye gurudumu aliijua, ndiyo maana aliivika nta."

Dada aliuliza, bila kumtazama mtu: "Katika hizi nyingine ilikuwamo ya namna hii?"

"Uzi kama huu hauwezi kuvumilia udongo wa kichuguu."

"Nauliza kama ilikuwamo."

"Sasa hatutajua," alisema.

Aliinunua ile moja, na alitupa haki yetu. Sikupata kusikia baadaye kwamba alitupunja. Za kwenye sinia tulikataa zipimwe. Jumatatu tulikwenda kwa kijana wa Lugusha, naye akaja na kamba. Kiwanja kilikuwa hatua ishirini kwa urefu. Hela moja ilitosha hatua sita. Tulichagua upande wa makaburi, na hatua kumi na nne zilizobaki, pamoja na nyumba tuliyozaliwa, zikaenda kwa mwenye mashine. Ule ua wa mabati mnaouegemea mkienda kuzuru, unaopita mkono mmoja tu kutoka kwenye kaburi la mama yetu, bibi yenu mkubwa, ni hapo kamba ilipoishia. Na ile mashine mnayoisikia wakati wa kusoma dua ni ile ile.

Hatua sita zilitosha makaburi mawili na nafasi ya mtu mmoja. Sisi tulikuwa wawili. Tulibishana kwa miaka, kila mmoja akimpa mwenzake, mara kwa utani, mara si kwa utani. Dada aliendelea na kazi yake, lakini tangu siku ile akiletewa chombo cha kale alikigeuza kwanza kwenye mwanga na kumwuliza mwenyewe, "Huu weusi unaujua ulikotoka?" Wengine aliwarudishia vyombo vyao hivyohivyo. Wakimlalamikia kuwa wageni watawacheka, aliwajibu msugua hela hubaki na shaba, na wao wakalibeba neno hilo sokoni, na huko sokoni likasahau mama yake.

Zile thelathini na moja alizipandikiza kwenye saruji, kuzunguka kaburi la baba. Ndiyo, Mwashi, hizohizo. Zile mlizokuwa mkidhani ni vifuniko vya soda. Mwaka aliotangulia mbele ya haki zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeusi tena, na aliniusia mtu asiziguse. Nafasi iliyobaki nilimlaza yeye. Mimi mtanipeleka makaburi ya mjini, na msitafute njia nyingine, kamba nilikuwa nimeishika mwenyewe.

Mbona mnatazamana? Hamkuniuliza methali?

Na wewe Sida, unakwenda wapi na huo msasa? Nilikuona tangu asubuhi, ulikuwa umeuweka karibu na kigoda changu hiki, kimeliwa na makalio ya wazee watatu, nikajua baada ya ngoma zamu ni yake. Unaurudisha? Haya. Na kopo la rangi nalo. Wakwe watanikuta nimekaa juu ya kigoda cheusi, wakinicheka nitawasimulia.

Unasemaje? Sema kwa sauti, mjukuu wangu, masikio yangu ni ya karne iliyopita.

Ndivyo. Msugua hela hubaki na shaba.